Tiketi Tatu Nyekundu

Kwa miaka minne nilikuwa nimeuliza swali moja, mara mia kwa siku, nikiwa nimeketi nyuma ya kioo chenye tundu dogo la kupitishia sauti: fupi au ndefu? Asubuhi ile ya Jumamosi nilisimama upande wa pili wa kioo, kwenye foleni ya wateja, baba yangu kulia na dada yangu kushoto.

Kampuni yetu ina meli moja ya matembezi, nyeupe, yenye sitaha mbili. Abiria wote huondoka pamoja saa mbili asubuhi. Wenye tiketi za buluu ndio wa safari fupi. Wao huingia na meli kwenye lango la kwanza la mfereji, huona maji yakijazwa na meli ikiinuliwa polepole kama mtoto aliyeshikwa makwapani, kisha huteremka kwenye bwawa la juu na kurudishwa kwa basi. Saa tano wako majumbani. Wenye tiketi nyekundu huendelea. Huvuka ziwa, hupita malango mengine mawili, mpaka mfereji unapomwaga maji yake baharini upande wa pili. Hao hurudi jua likizama.

Niliijua ratiba yote kwa moyo, dakika kwa dakika, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kupanda hata hiyo fupi. Na mteja yeyote aliyesitasita mbele yangu nilimshauri achukue ya buluu. Mama Pacha, mwenzangu wa dirishani, alikuwa akinicheka. Alisema nawauzia watu safari kama mama anayemkataza mwanawe asivuke barabara.

Huko dirishani ndiko nilikompata Nanga. Hilo ni jina alilopewa na wenzake kwa sababu ya utulivu wake. Alikuwa nahodha msaidizi. Kila asubuhi mtu fulani alipaswa kuja kuchukua orodha ya abiria, na miezi kumi na minane iliyopita mtu huyo akaanza kuwa yeye. Aliipokea karatasi kupitia chini ya kioo, akaisoma yote pale pale amesimama, ingawa angeweza kuisomea melini. Mimi nilijifanya napanga tiketi zilizokwisha kupangwa. Yeye si msemaji sana, na mimi ndiyo kabisa. Mama Pacha alidai kwamba mapenzi yetu yote yangeweza kuandikwa nyuma ya tiketi moja, na nafasi ikabaki.

Lakini yalikuwa mapenzi. Mara mbili Nanga alimtuma shangazi yake kuleta posa, na mara mbili Baba akamrudisha kwa adabu, kikombe cha chai mkononi.

Baba hakuwa mkatili. Alikuwa fundi cherehani aliyetulea mimi na Dada peke yake baada ya Mama kufariki, akitushonea sare za shule kutoka kwenye mabaki ya suti za watu. Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa imekaa mezani nasi kila siku ikila chakula cha jioni: dada yangu. Shemeji alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Aliaga kwamba anakwenda miezi minane, na huu ulikuwa mwaka wa sita. Gauni la harusi la Dada, Baba alilishona kwa mkono wake, shanga moja moja. Siku alipolikunja na kulitia sandukuni alitamka kwamba mtu wa majini hataingia tena nyumbani mwake kwa mlango wa posa. Mwezi uleule akastaafu. Cherehani akaifunika kwa shuka, na kuanzia hapo alikataa kumshonea mtu wa nje hata pindo. Jirani alileta zipu, akarudishwa nayo. Mwajiri wake wa zamani alikuja na suruali ya kupunguza kiuno, naye akaondoka nayo ilivyo. "Sindano yangu sasa ni ya watu wa nyumbani tu," Baba aliwaambia wote. Aliyabadili maneno hayo kwa nadra sana. Sindano yenyewe aliibeba chini ya ukosi wa koti lake, imezungushiwa uzi mweusi, kama askari mstaafu anavyobeba nishani.

Posa ya pili ilipokataliwa sikupinga. Sijawahi kumpinga Baba. Nililia siku tatu kimyakimya, na Dada akagundua kwa kuangalia sahani zangu. Sijui alimwambia Baba maneno gani jikoni wakiwa wamefunga mlango. Nilichosikia ni Baba akitoka na kutangaza kwamba atamwona kijana huyo mara moja, tena kazini kwake. Safari fupi ingetosha. Alisema yeye nguo huijua kwa kuangalia mshono mmoja.

Nikashukuru, kisha nikaingia chumbani na kukaa kitandani. Ratiba niliijua. Katika safari fupi, Nanga hushika usukani tangu gatini mpaka bwawa la juu, na ni marufuku kuongea na mshika usukani. Baba angemwona kwa kisogo tu, nyuma ya kioo, kisha angeteremka na kusema amemwona. Ni kwenye ziwa tu, baada ya bwawa, ambapo rubani wa mfereji hupanda na kuchukua usukani, na meli yetu hutia nanga kwa muda wa karibu saa mbili ikisubiri meli kubwa za mizigo zipite. Zile saa mbili ndizo pekee Nanga anapokuwa mtu mwenye mikono mitupu. Na Jumatatu ilikuwa inakuja. Alikuwa amepewa unahodha wa meli ya kuvuta meli nyingine, huko mwisho wa mfereji, pamoja na nyumba ya kampuni. Angeondoka na jibu au bila jibu.

Nilipomweleza Nanga kwamba Baba amechagua fupi, aliweka mkono juu ya orodha.

"Basi atauona mgongo wangu," akasema. "Nitaunyoosha."

Nilikwenda nyumbani na sentensi hiyo. Nililala nayo, nikaamka nayo. Na sasa ilikuwa Jumamosi, foleni ilikuwa imekwisha mbele yetu, na Mama Pacha alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti changu mwenyewe.

"Fupi au ndefu, mteja?" aliuliza kwa sauti ya kazi, macho yakicheka.

Baba alikuwa tayari amefungua kinywa.

"Ndefu," nikasema. "Tatu."

Nilisema kwa sauti ndogo mno. Mama Pacha alikuwa amesikia, hilo nina hakika mpaka leo. Lakini aliinama kwenye tundu, akaweka kiganja sikioni. "Kioo hiki kinakula sauti, mteja. Rudia."

"Ndefu. Watu watatu."

Foleni nzima ilisikia. Baba aligeuza shingo taratibu, kama alivyokuwa akigeuka zamani mkasi ukitoka nje ya mstari wa chaki. Akanikumbusha kwamba alisema fupi. Nikamwambia, nikiangalia viatu vyake, kwamba kwenye fupi ataona mgongo tu, na kwamba mgongo si mtu. Akasema ana dawa ya saa saba. Nikafungua mkoba: dawa, chupa ya maji, kofia yake ya jua, mkate na mayai ya kuchemsha, mto mdogo wa kukalia. Dada alichungulia ndani ya mkoba, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Baba," akasema, "huyu hakuamua leo. Mkoba huu umepangwa tangu juzi."

Baba alipokea tiketi yake nyekundu kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa samaki. Akatamka kwamba rangi ya tiketi si pingu, na kwamba mtu ana haki ya kuteremka bwawani hata akiwa na tiketi ya dhahabu. Kisha akatangulia kupanda ngazi ya meli.

Tuliketi sitaha ya juu. Mbele yetu, nyuma ya kioo cha chumba cha usukani, ulikuwepo mgongo wa Nanga ndani ya koti la kazi la buluu iliyokoza. Hakugeuka hata mara moja.

"Amenyooka," Dada alinong'ona.

"Hata kiango cha nguo kimenyooka," Baba akajibu.

Tuliingia kwenye lango la kwanza. Milango ya chuma ilijifunga nyuma yetu na mchana ukapungua. Kuta za zege zilipanda pande zote mbili, zimeota ukungu wa kijani, zinatona maji. Watu wanaoshika kamba za meli walitembea juu ya ukuta sambamba nasi. Kisha maji yakaanza kuingia kutoka chini, na meli ikapanda polepole, na kuta zikawa zinashuka. Abiria walipiga picha. Baba hakutazama maji. Alisimama, akaenda kwenye reli ya kulia, akanyoosha mkono na kupima pengo kati ya meli na ukuta kwa shibiri yake, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Akavuka kwenda reli ya kushoto, akapima tena. Akarudi kwenye mto wake. Dada alimuuliza amepata nini.

"Shibiri moja na vidole viwili," akasema. "Pande zote mbili." Kisha akautazama ule mgongo kwa muda mrefu.

Kwenye bwawa la juu ubao wa kuteremkia uliwekwa, na watu wa buluu wakaanza kukusanya watoto na vikapu. Nanga akatoka chumba cha usukani. Alikuwa na dakika tano, nami nilijua alikuwa amezihesabu. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Baba, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Akaanza maneno aliyokuwa ameyakariri. Alishukuru kwa kuja kwetu. Aliomba radhi kwamba kazi haikumruhusu kutuhudumia njiani. Alisema amefurahi kumwona Mzee uso kwa uso, na kwamba lolote atakaloamua atalipokea bila kinyongo. Alikuwa ananyoosha mkono amsaidie Baba kuvuka ubao, na hapo jicho lake likaanguka kwenye tiketi nyekundu mkononi mwangu. Sentensi ilimkatikia mdomoni. Baadaye aliniambia kwamba asubuhi ile, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minane, hakuisoma orodha. Aliogopa kuliona jina langu upande wa buluu.

Alinitazama. Sijui kuandika macho yale. Najua tu kwamba nilitaka kuangalia chini kama kawaida yangu, na sikuangalia chini.

Baba aliona yote. Akainuka, akavaa kofia yake. "Tunateremka," akasema. "Mgongo nimeuona, na uso nimeuona."

Dada alinitazama. Kijana wa ubao, mwanamume mwenye mvi ambaye wote walimwita kijana kwa utani, alinitazama. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Mimi siteremki, Baba."

Alidhani hakunisikia vizuri. Nami, nikikumbuka kioo, nikarudia kwa sauti zaidi.

"Mimi siteremki. Ukiteremka, nitarudi jioni, nitakupikia, na nitakuomba msamaha kwa kukuacha njiani. Lakini sitaomba msamaha kwa kuendelea."

Baba alimgeukia Nanga, uso umekaza. "Nani kamfundisha mwanangu kusema hivi?"

"Si mimi, Mzee. Mimi nilijua mna tiketi za buluu."

"Hakuna aliyenifundisha," nikasema. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatoka. "Miaka minne nawauliza watu wanataka kufika wapi. Leo ndiyo nimeulizwa mimi. Nataka kufika mwisho, Baba. Na nataka ufike nami."

Baba alisimama, kofia kichwani, tiketi nyekundu ikijikunja mkononi mwake. Ndipo Dada, ambaye kwa miaka sita hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitaja jambo lake mbele yake, akaupiga ule mto makofi mawili kuutoa vumbi na kuuweka sawa kwenye benchi.

"Keti, Baba," akasema taratibu. "Aliyeachwa ni mimi, si wewe. Na mimi sijateremka."

Ubao uliondolewa. Baba aliketi.

Ziwani meli ilitia nanga mbali na miti, na maji yalikuwa yametulia hata uzito wa mawingu ulionekana ndani yake. Rubani wa mfereji alikuwa amechukua usukani. Nanga alikuja, akavuta kiti, akakaa mbele ya Baba. Nilikaa karibu, kimya, nikimenya yai ambalo hakuna aliyeliomba.

Baba aliuliza kila kitu. Aliuliza wazazi wako wapi, na Nanga akasema wamefariki, amelelewa na shangazi. Aliuliza ni nani anayempikia, akajibiwa kwamba ni yeye mwenyewe, na kwamba wali wake haujawahi kusifiwa. Kisha Baba akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni tangu posa ya kwanza: huwa anakaa baharini muda gani.

Nanga alishangaa. "Sikai baharini, Mzee. Nimekwenda baharini siku moja tu maishani mwangu, nikatapika mpaka jioni. Mimi ni mtu wa mfereji. Huko ninakohamia, zamu huchukua saa nane, kisha nyumbani."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mfereji una kingo mbili, Mzee. Saa zote naziona zote mbili."

Dada aligeuka upande, akajifanya anatazama meli ya mizigo iliyokuwa ikipita, ndefu kama mtaa. Nilimwona Baba akipiga hesabu fulani ya ndani na hesabu ikimkatalia, kwa sababu mwaka mzima alikuwa amemkataa mtu ambaye hakuwepo. Alikuwa amemkataa Shemeji kwa mara ya pili, na huyu aliyekaa mbele yake, Baba hakuwa amewahi kumuuliza hata swali moja.

Hakusema hayo. Macho yake yalitua kwenye koti la Nanga, kifungo cha tatu, kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi wa rangi nyingine.

"Kifungo hiki kashona nani?"

"Mwenyewe, Mzee."

"Inaonekana." Akanyoosha mkono. "Vua."

Nanga alinitazama, hakuelewa, akavua. Baba alilaza koti magotini, akakata ule uzi mbovu kwa meno. Kisha akainua ukosi wa koti lake mwenyewe, akachomoa sindano.

Yai liliniponyoka. Dada alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vyangu. Baba alilamba uzi, akautia sindanoni kwa jaribio la kwanza, bila miwani, akaanza. Chini, juu, chini, juu, akazungusha shingo ya kifungo mara nne, akafunga fundo upande wa ndani ambako halionekani. Alifanya kazi bila haraka, kama mtu aliyekuwa ameikosa. Dada alikuwa analia na kutabasamu, na Nanga maskini alituangalia mmoja baada ya mwingine akitafuta kosa alilofanya.

"Asante sana, Mzee," akasema alipokabidhiwa koti. "Umejisumbua."

"Sijajisumbua," Baba alimjibu, akirudisha sindano mahali pake. "Mtu wa nje simshonei."

Nanga alibaki ameshika koti. Nilimwona maneno yakimwingia polepole, kama maji yanavyoingia langoni, na uso wake ukipanda nayo. Aliinama akashika mikono ya Baba kwa mikono yake yote miwili, na hakuweza kusema kitu. Ile ndiyo hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

"Livae nikuone," Baba akaamuru. Nanga akalivaa. Baba alimzungusha kwa bega, akavuta kitambaa mgongoni, akaguna kwa dharau. "Linakubana mabegani. Aliyelishona alikuwa na haraka. Jumatatu unaripoti kazini?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi Jumanne, ukitoka zamu, njoo nyumbani nikupime. Siku ya harusi huvai kitu kama hiki." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Na wewe, mama, sandukuni kuna gauni la shanga. Dada yako amenisumbua mwaka mzima nilipunguze likutoshe. Nimwambie nini, ndiyo au hapana?"

Nilimtazama Dada. Alikuwa ameinua kidevu, macho yamejaa maji, na alikuwa ameweka kiganja sikioni kama Mama Pacha.

"Ndiyo," nikasema, kwa sauti iliyofika sitaha ya chini.

Saa kumi alasiri lango la mwisho lilifunguka. Nanga alikuwa amerudi kwenye usukani, na mgongo wake, kwa kweli, haukuwa umenyooka tena, ulikuwa unacheka. Mbele yetu ukuta wa chuma uligawanyika katikati, mwanga ukaingia kwa wingi, na bahari ikawa pale, yote, mahali ambapo kwa miaka minne nilikuwa nawapeleka watu wengine. Baba alikuwa amemeza dawa yake. Alisimama kwenye reli na kofia mkononi, akitazama, kisha akaniuliza kwa nini siku zote nimekuwa nikiwaambia watu wachukue fupi.

Nilimwambia sikujua.

"Jumatatu ukirudi dirishani," akasema, "waambie wafike mwisho."

Nanga alipiga honi. Nami nilicheka kwa sauti, mbele ya watu, na sikuweka mkono mdomoni.